Penseli Ilivyofika Kwale

Mpimaji akigonga meza kwa penseli mara moja, mtoto agonge mara mbili. Akigonga mara mbili, mtoto agonge moja. Jaribu mwenyewe uone! Mkono unataka kuiga, akili inaukataza, na hapo ndipo umakini unapopimwa. Mtoto anayezungumza Kidigo nyumbani hahitaji Kiingereza hata kidogo.

Penseli hiyo ni kituo kimoja katika safari ndefu ya kupima akili za watoto. Mwaka 1905, jijini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji kufundishwa kwa njia nyingine. Haikuchukua muda swali likageuzwa. Mwaka 1932 R.A.C. Oliver alichapisha Nairobi mtihani wa akili kwa Waafrika, miaka ileile ambayo madaktari wa kikoloni mjini humo walikuwa wakipima bongo za Waafrika wakitafuta uduni. Haja ya mtoto haikuulizwa tena. Kilichotafutwa ni nani amzidi nani.

Swali la Binet lilirudi kwa serikali 1984, Kenya ilipoanzisha vituo vya kutathmini mahitaji ya watoto kwa msaada wa Denmark. Chuo cha KISE kilifuata 1986, kuwafunza walimu wa elimu maalumu. Tathmini ya maana huanza na macho na masikio, na sawa kabisa: mtoto anaweza kuitwa kichwa kizito miaka nenda miaka rudi, kumbe sikio linatoka usaha.

Kisha zamu ya Kwale, pwani ya Kenya. Kati ya 2010 na 2012, shule 101 za msingi, za upande wa Msambweni zikiwemo, ziliingia katika utafiti wa malaria na masomo. Katika baadhi yake watoto walitobolewa kidole kila muhula, na mwenye vimelea akapewa dawa. Kwingine walimu wa darasa la kwanza walifunzwa mbinu za kufundisha kusoma, wakawa wakipokea SMS za kuwaelekeza na kuwatia moyo.

Wengi, nami nikiwemo, tungeweka dau kwenye dawa. Matokeo ya dawa, yaliyotoka 2014, yalisema vingine: umakini, ambao kwa wadogo ulipimwa kwa penseli ile, haukupanda, wala alama. Darasa la kwanza waliopimwa damu hata walibaki nyuma kidogo katika tahajia na hesabu. Waliosonga mbele katika tahajia ni wanafunzi wa walimu wenye SMS, na kwao walioacha shule walikuwa wachache zaidi.