Parkinson: Picha ni Shahidi, Sio Hakimu

Wasee, kizazi chetu kina imani moja: kama mashine haijaona kitu, basi hakuna kitu. Leo naipinga, na ushahidi wangu ni historia ya ugonjwa wa Parkinson.

Twende London, 1817. Daktari James Parkinson anachapisha kijitabu kuhusu watu sita wanaotetemeka na kutembea wameinama. Eksrei haijagunduliwa, itakuja 1895. Baadhi ya hao sita hata si wagonjwa wake, amewaona tu barabarani. Alitumia macho, na mengi aliyoandika madaktari bado wanayatambua.

Lakini macho yanaona mkono, hayaoni ubongo. Mwaka 1960 huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa wakiwa na ugonjwa huu. Walikuta dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili, imepungua vibaya. Jibu lilipatikana, lakini manze, kwa marehemu.

Tukangoja hadi 1983. Huko Hamilton, Kanada, Garnett, Firnau na Nahmias walitumia skani ya PET. Mtu anadungwa dawa yenye mionzi kidogo, ubongo unaichukua kama malighafi ya dopamini, halafu mashine inaonyesha imekusanyika wapi. Hatimaye kazi ya dopamini ikaonekana kwenye kichwa cha mtu aliye hai.

Baadaye ikaja DaTSCAN, iliyoidhinishwa Ulaya 2000 na Marekani 2011. Kwa mtu asiye na Parkinson, picha huonyesha alama mbili kama koma. Kwa mwenye Parkinson, mkia wa koma unafifia, inabaki kama nukta. Hiyo inasaidia sana kumtenganisha na mtu mwenye mtetemeko wa aina nyingine, ule ambao mara nyingi hurithiwa kwenye familia.

Sasa shika hapa. Kuna magonjwa mengine yanayoharibu seli hizo hizo, kama PSP na MSA, na picha zake zinaweza kufanana kabisa na za Parkinson. Na kujua ugonjwa umefika wapi? Kipimo kinachojulikana zaidi bado ni cha Margaret Hoehn na Melvin Yahr, cha 1967. Kina hatua 5, kuanzia dalili za upande mmoja wa mwili hadi mtu kubaki kitandani au kwenye kiti cha magurudumu. Daktari anaangalia unavyosimama, unavyotembea, na kama unaweza kujizuia usianguke. Hakuna skani hapo.

Kwa nini hii inaniuma? Babu yangu alipoanza kutetemeka mkono na kuburuta mguu, familia ilichanga pesa akapigwa MRI. Ikarudi safi. Kuanzia siku hiyo watu wakaanza kusema ati anadeka. Kumbe MRI ya kawaida inaonyesha umbo la ubongo. Inasaidia kutafuta uvimbe au kiharusi, lakini kwa Parkinson mara nyingi haionyeshi kasoro yoyote. Ile karatasi ilisema ukweli. Sisi ndio tuliiuliza swali ambalo haikuwa na jibu lake.

Sipingi mashine. Bila PET, tungekuwa bado tunangoja mtu afe ndio tujue dopamini yake ilikuwa imeisha. Lakini safari yote, kutoka 1817 mpaka leo, inaanza na mtu anayemwangalia mgonjwa kwa makini na kumsikiliza.

Kwa hivyo mzee wako akikwambia mkono haumtii, usimnyamazishe na karatasi ya skani. Mpeleke kwa daktari wa ubongo na neva, amwangalie akitembea, akiandika, akifunga vifungo vya shati. Picha ikiwepo, poa. Isipokuwepo, mzee bado ana ugonjwa wake, na bado kuna dawa za kumpunguzia dalili.