Kanuni ya Hisabati Penye Jina la Mchoraji

Mnamo tarehe 25 Oktoba 2018, jumba la mnada la Christie's mjini New York liliuza kwa dola 432,500 picha ya bwana asiyewahi kuishi, Edmond de Belamy. Makadirio yalikuwa kati ya dola 7,000 na 10,000. Mahali pa jina la mchoraji paliandikwa kanuni ya hisabati. Kundi la Wafaransa watatu, Obvious, lilikuwa limeilisha kompyuta picha za watu zipatazo 15,000, zilizochorwa tangu karne ya 14 hadi ya 20, ili ibuni sura mpya.

Wakati ule wengi waliuliza iwapo mashine imemfikia mwanadamu kwa ubunifu. Mimi naliona swali hilo linaficha jingine. Kanuni ile iliwekwa pale na watu, tena waliojua thamani ya sahihi. Sehemu ya programu ilitoka kwa kijana wa Kimarekani, Robbie Barrat, aliyeiweka hadharani. Jina lake halimo kwenye turubai, wala hayamo ya wachoraji waliolisha mashine.

Mchoraji Mwingereza Harold Cohen alifuata njia tofauti. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi alipofariki mwaka 2016, aliiandikia programu yake, AARON, kanuni zilizotokana na ujuzi wake mwenyewe wa kuchora. Mashine ilichora, lakini deni lilijulikana ni la nani.

Sidai kwamba kuiga ni dhambi ya mashine peke yake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, naye akafa. Wafuasi wake waliendelea kunakili chui na tembo wake, watalii wakanunua. (Wapo wasomi waliowadharau kwa hilo, mimi simo.) Hata hivyo, wanakili hao walipata ugali, na taratibu wakaingiza katika picha zao hospitali, vijiji na msongamano wa mji, mambo waliyoyaona kwa macho yao.

Leo mtu aliyeko Oslo huiagiza akili mnemba chui wa Tingatinga, akampata kabla chai haijapoa. Ushirika wa wachoraji hao, ulioundwa mwaka 1990, bado uko Oysterbay, na kwa chui huyo haupati hata senti moja.