Daftari la Waumini: Makanisa na Uchaguzi wa Marekani wa 2004

Mwanzoni mwa Juni 2004, kampeni ya Rais George W. Bush ilipeleka barua pepe kwa waumini kadhaa wa jimbo la Pennsylvania. Ilitafuta makusanyiko 1,600 yaliyo «rafiki», na katika kila moja mtu mmoja wa kujitolea. Neno hilo «rafiki» lastahili kuangaliwa na mwanaisimu kabla ya mwanahistoria. Urafiki ni wa mtu na mtu. Hapa ilipewa sifa hiyo nyumba nzima ya ibada, pamoja na waumini wasioulizwa.

Kwa nini muumini, wala si mchungaji? Jibu limo katika sheria. Mnamo 1954 Lyndon Johnson, wakati ule seneta wa Texas, alipendekeza kifungu kilichokataza mashirika yenye msamaha wa kodi, makanisa yakiwamo, kumpigia debe mgombea. Kifungu hicho kilitumiwa mara chache. Hata hivyo kanisa moja la jimbo la New York, lililotangaza magazetini kumpinga Bill Clinton mwaka 1992, lilinyang'anywa msamaha wake mwaka 1995, na mahakama ya rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2000. Lakini sheria ililifunga kanisa kama shirika; haikumfunga muumini kama raia. Kampeni ikapita katika mwanya huo.

Mwanzoni mwa Julai ikajulikana orodha ya kazi 22, zenye tarehe zake: kuzungumza na mchungaji juu ya kuandikisha wapiga kura, kuwaalika waumini wenzao chakulani, kuwapigia simu. Hayo ni ya kawaida. Iliyo nzito, kwa maoni yangu, ni ile ya kutimizwa kabla ya tarehe 31 Julai: kupeleka kwenye makao ya kampeni jimboni kitabu cha majina ya waumini. Sisi tuliokulia katika jumuiya ndogondogo za parokia twalijua daftari la namna hiyo. Huandikwa ili mgonjwa atembelewe na mfiwa apewe pole. Mama anayeliandika hamwulizi mtu chama chake, na mtu hutoa jina lake bila woga.

Upinzani haukutoka kwa mahasimu wa Bush peke yao. Richard Land, kiongozi wa Wabatisti wa Kusini ambaye Bush mwenyewe alikuwa amemteua katika tume ya uhuru wa dini, alilikemea ombi hilo waziwazi. Wasimamizi wa kampeni walijibu kwamba sheria imefuatwa. Wala tusidhani kwamba chama kimoja tu kilijua njia ya kanisani: mpinzani wake, John Kerry, alihutubia siku za Jumapili katika makanisa ya Wamarekani weusi, kama Wademokrati wengi kabla yake. Lakini Kerry alisimama mbele ya watu, wakamwona na kumpima. Mwenye jina kitabuni hakuwa na habari kwamba limepelekwa.

Tarehe 2 Novemba 2004 Pennsylvania ilimchagua Kerry. Bush aliishinda Ohio kwa kura zipatazo 118,000, na kwa Ohio akabaki rais.