Safari ya kuongozwa katika Hifadhi ya Ruaha na Nyanda za Juu Kusini

Safari ya kuongozwa ya kutazama wanyamapori katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hufanyika zaidi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo wageni wengi wanaokwenda kwa barabara huifikia kupitia Iringa mjini, na kwa kiasi kidogo katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, upande wa Mbeya na Makete. Vitabu vya utalii huitaja Ruaha kama mbadala kwa mtu anayekimbia msongamano wa magari ya Serengeti na Ngorongoro. Maelezo hayo yanaipunja. Kwa mimea yake, kwa wanyama wake na kwa namna inavyotembelewa, Ruaha ina undugu wa karibu zaidi na bonde la Luangwa nchini Zambia kuliko na mbuga za kaskazini. Ikitazamwa hivyo, inaonekana kwamba safari ya huku inasimama juu ya vitu viwili, yaani mwongozaji anayeijua nyika na maji ya kiangazi. Lami na idadi ya vitanda, ambavyo ndivyo hujaza mipango ya maendeleo ya utalii, vinakuja baada ya hapo.

Eneo na historia

Serikali ya Kijerumani ilitenga Pori la Akiba la Mto Saba mwaka 1910, na mwaka 1946 Waingereza wakaligeuza kuwa sehemu ya Pori la Akiba la Rungwa. George Rushby, ofisa wanyamapori ambaye jina lake linakumbukwa zaidi kwa kuwasaka simba wala watu wa Njombe, alipendekeza mwaka 1949 kwamba sehemu ya kusini ya pori hilo iwe hifadhi ya taifa. Hilo lilitimia mwaka 1964. Ukanda wa kusini mashariki mwa Mto Ruaha Mkuu uliongezwa mwaka 1974, na mwaka 2008 likaunganishwa Pori la Akiba la Usangu pamoja na ardhioevu ya Ihefu, eneo likafika kilomita za mraba 20,226. Ruaha ikawa hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini hadi mwaka 2019, ilipoanzishwa Hifadhi ya Nyerere. Makao makuu yako Msembe, takriban kilomita 130 kutoka Iringa mjini.

Wanyama na makutano ya mazingira

Hapa ndipo misitu ya miombo inayoenea hadi Zambia na kwingineko kusini inapokutana na nyika kavu ya migunga na mibuyu inayoshuka kutoka kaskazini mashariki. Kwa sababu hiyo mgeni anaweza kuwaona tandala mkubwa na tandala mdogo katika hifadhi moja, jambo ambalo ni nadra kwingine. Swala granti na tandala mdogo wako hapa karibu na mwisho wao wa kusini. Korongo na palahala, kwa upande wao, ni wanyama wa miombo. Ndege waliorekodiwa wanazidi spishi 570, akiwemo hondohondo wa Ruaha. Simba ni wengi kiasi kwamba eneo zima la Ruaha na Rungwa hutajwa kuwa na karibu simba mmoja kati ya kila kumi waliobaki duniani, na mbwa mwitu wana ngome yao hapa. Kuhusu tembo, idadi imeleta ubishi: sensa ya kutoka angani ya mwaka 2013 ilikadiria tembo 20,090 katika Ruaha na Rungwa, ya mwaka 2014 ikaleta 8,272, na iliyorudiwa mwaka 2015 ikapata karibu 16,000. Ujangili wa miaka ile ulikuwa wa kutisha na hauna mjadala, lakini tembo hawazaliani upesi kiasi hicho. Takwimu za mwaka mmoja zinazopachikwa kwenye vipeperushi vya utalii, ziwe za kutia huruma au za kujisifu, zinastahili kusomwa kwa tahadhari.

Kazi ya mwongozaji

Kwenye tambarare ya Serengeti mnyama huonekana kutoka mbali, na dereva mwenye redio anaweza kumpeleka mgeni kwa simba bila ujuzi mwingi zaidi ya kusikiliza wenzake wako wapi. Ruaha haikubali njia hiyo. Vichaka vimefungana, makorongo ni mengi, magari ni machache, na simba aliyelala chini ya msuwaki kwenye mchanga wa Mto Mwagusi anaweza kupitwa kwa hatua ishirini bila kuonekana. Mwongozaji hufanya kazi kwa dalili. Unyayo wenye kingo kali, ambao juu yake hapajapita mdudu wala ndege, ni wa alfajiri hiyo. Uliokatizwa na njia ya sisimizi ni wa zamani zaidi. Swala pala wakikoroma huku wote wakiangalia upande mmoja, kuna kitu upande huo. Kinyesi cha tembo kinapimwa kwa unyevu wake, na upepo unapimwa kwa kimfuko cha majivu kinachotikiswa kila baada ya muda mfupi, kwa sababu nyati humjua mtu kwa pua kabla ya macho. Ujuzi wa aina hii haununuliwi pamoja na gari jipya.

Katika safari ya miguu ujuzi huo ndio kila kitu. Wageni hutembea kwa mstari mmoja nyuma ya mwongozaji na askari wa hifadhi mwenye bunduki, hawazungumzi, na husimama wanapooneshwa mkono. Desturi hii ilikomazwa Zambia. Norman Carr alishirikiana na Chifu Nsefu mwaka 1950 kufungua kambi ya wageni katika bonde la Luangwa, mapato yakienda kwa jamii ya chifu, na baadaye Luangwa ikajulikana duniani kwa safari za miguu. Kilichofuata kule kinafundisha: kambi zikabaki ndogo, msimu ukabaki mfupi, na jina la mwongozaji likawa ndilo linalouza. Kambi kadhaa za Ruaha zimefuata mkondo huo, zikiwa na mahema machache kando ya mto wa mchanga. Tanzania nayo haikosi vyuo. Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilifunguliwa mwaka 1963, na Pasiansi ya Mwanza imefundisha askari wa wanyamapori kwa miongo kadhaa. Hata hivyo soko kubwa la ajira liko Arusha, na kijana wa vijiji vya mpakani vya Idodi au Pawaga aliyekulia kwenye nyayo hizo hulazimika kuacha nyumbani ili aitwe mtaalamu.

Yapo mapingamizi mawili yenye uzito. La kwanza ni kwamba wageni ni wachache Ruaha kwa sababu tu ni mbali na barabara ni mbaya, na kwamba habari za uongozaji ni sifa ya kufunika uchovu wa vumbi. Ni kweli barabara ya Msembe kwa miaka mingi imekuwa ya kutikisa mifupa, na kuitengeneza ni haki ya wanavijiji wanaoitumia kila siku kabla ya kuwa haki ya mtalii. Lakini Serengeti nayo ina barabara za vumbi, na wageni hawakukoma. Kilichoivuta dunia kule ni kitu kinachoonekana chenyewe, yaani nyumbu wanaohama. Ruaha haina nyumbu. Iliyo nayo huonekana kwa msaada wa mtu, kwa hiyo barabara nzuri bila mtu huyo italeta wageni watakaoondoka wakisema hawakuona kitu.

Pingamizi la pili ni la haki: safari ya miguu na kambi ya mahema ni ya wenye dola, ilhali Mtanzania anakuja na familia kwenye gari la kukodi, analipa kiingilio kwa shilingi, analala kwenye mabanda ya Msembe au nyumba za wageni za kijiji cha Tungamalenga, au jioni anarudi Iringa. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu bei, si kuhusu hitaji. Mtalii wa ndani ndiye anayepoteza zaidi asipopata mwongozaji, maana ana siku moja au mbili tu. Kumwekea askari au kijana wa kijiji ndani ya gari lake kwa ada ndogo kungebadilisha siku hiyo kuliko kumjengea geti la fahari.

Mto Ruaha Mkuu

Mto huu unakusanya maji ya milima ya Mbeya na Kipengere, unapita bonde la Usangu wilayani Mbarali, unatua kwenye bwawa la asili la Ihefu, kisha unatokea Ng'iriama kupitia kizingiti cha mwamba na kuingia hifadhini. Kizingiti hicho ndicho ufunguo wa yote: maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba, mto unakatika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 hukauka karibu kila kiangazi, kwa wiki au hata miezi. Lawama ziliangukia ng'ombe wa wafugaji, na mwaka 2006 maelfu yao waliondolewa Usangu na Ihefu kwa nguvu, wengine wakiswagwa hadi mikoa ya kusini. Uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa kati ya 1999 na 2001 ulikuwa tayari umeonesha kwingine, kwenye mifereji ya mpunga inayoendelea kuchota maji wakati wa kiangazi ilhali mto umepungua. Ng'ombe waliondoka, eneo likatiwa hifadhini mwaka 2008, na mto ukaendelea kukatika. Ahadi ya Waziri Mkuu Frederick Sumaye, aliyoitoa London mwaka 2001 kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima, ilipita na mwaka wake.

Wapo wanaosema kimya kimya kwamba ukame huu ni neema kwa utalii, kwa kuwa wanyama hukusanyika kwenye madimbwi machache na mgeni hupata picha bila kutafuta. Kwa msimu mmoja wako sahihi. Kwenye mchanga wa Mwagusi tembo huchimba kwa mguu wa mbele na mkonga hadi maji yajichuje, hunywa, na akiondoka nyani na swala hupanga zamu kwenye shimo lile lile. Lakini Mwagusi ni mto wa msimu kwa asili yake na wanyama wake wameuzoea. Ruaha Mkuu ulikuwa tegemeo la viboko, mamba na samaki, ambao hawana pa kuchimba. Viboko hurundikana kwenye dimbwi linalogeuka uji wa kinyesi, samaki hufa, na nyati hutangatanga mbali na maeneo yanayotembelewa. Anayeuza safari ya kiangazi anauza mto, awe anajua au hajui.

Vijiji vya mpakani

Vijiji 21 vya Idodi na Pawaga vinaunda eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori liitwalo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, lililotokana na miradi ya miaka ya 1990. Mradi wa wanyama wala nyama ulioanzishwa mwaka 2009 huvipa vijiji manufaa ya shule, zahanati na tiba ya mifugo kulingana na wanyama wanaonaswa na kamera zinazotunzwa na wanakijiji wenyewe.

Upande wa Mbeya

Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua, zikiwemo aina nyingi za okidi. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua hushamiri wakati wa masika, Ruaha ikiwa na matope na kambi nyingi zimefungwa, kwa hiyo hifadhi hizi mbili zingeweza kumpa mwongozaji mmoja kazi ya mwaka mzima. Tumbili kipunji, aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 2005, yuko katika misitu ya Rungwe na ya kando ya Kitulo. Uwanja wa ndege wa Songwe ulianza kazi mwaka 2012.

Hali ya sasa

Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW wa kukuza utalii wa kusini, Ruaha ikiwemo. Ulihusu barabara, viwanja vya ndege, mageti na malazi, pamoja na kifungu cha kusimamia maji ya Usangu. Malipo yalisitishwa Aprili 2024 kufuatia malalamiko ya wakazi wa Mbarali kuhusu kuhamishwa na kuteswa, na mradi ukafungwa Novemba mwaka huo, mifereji ya mpunga ikiwa bado inachota maji kiangazi.