Choroa wa Arabuni Waliopitia Isiolo

Mwaka 1962 Isiolo ilipokea wageni wa ajabu: choroa weupe watatu kutoka Arabuni, madume wawili na jike mmoja. Walikuwa miongoni mwa wa mwisho wa aina yao waliobaki porini.

Aliyewakamata ni Ian Grimwood, wakati huo mkuu wa wanyamapori nchini Kenya. Chama cha uhifadhi cha Uingereza, Fauna Preservation Society, kilimtuma katika jangwa la Aden, karibu na mpaka wa Oman, akawanusuru wachache kabla hawajaisha. Msako mzima ulipata wanne, na dume mmoja akafa. Waliosalia wakatunzwa Isiolo, penye joto na ukavu wa kufanana na kwao.

Kwa karne nyingi Mabedui walimwinda choroa kwa ngamia, naye akadumu kwa sababu jangwa ni pana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia yakaja magari na bunduki za kisasa. Mnyama aliyeweza kumchosha ngamia hakuweza kulishinda gari, na kwenye mchanga mtupu hakuwa na pa kujificha.

Mwaka 1963 wageni wa Isiolo wakasafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani. Huko wakaunganishwa na wengine kutoka London, Kuwait na Saudi Arabia, wakatimia tisa. Ilikuwa akiba iliyowekwa kwa wakati, kwani mwaka 1972 choroa wa mwisho wa porini aliuawa Jiddat al-Harasis, Oman. Tangu siku hiyo, aina hiyo iliishi ndani ya uzio tu.

Mwaka 1982, chini ya Sultan Qaboos wa Oman, wazao wa kundi lile walifunguliwa tena katika jangwa lile lile, wakilindwa na watu wa kabila la Harasis. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 walizidi 400. Kisha majangili wakaanza kuwaiba na kuwauza wakiwa hai, na mwaka 2007 UNESCO ikaiondoa hifadhi ya choroa ya huko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hata hivyo juhudi za nchi nyingine za Arabuni ziliendelea, na mwaka 2011 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kuwa choroa huyo ametoka katika kundi la walio hatarini kutoweka.

Leo zamu ni yetu. Choroa wa asili wa Isiolo, anayeonekana katika hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, aliingizwa na IUCN katika kundi hilo hilo mwaka 2018. Anawindwa kwa ajili ya nyama, na malisho yake yanapungua. Kumrudisha choroa wa Arabuni kulichukua miaka ishirini na msaada wa mataifa kadhaa. Serikali ya kaunti, hifadhi za jamii na wafugaji wetu wamlinde huyu wa kwetu sasa, angali anatembea huru katika ardhi yake.