Maswali Kabla ya Majibu: Historia Fupi ya Bible Study Fellowship

Mwaka 1952, katika mji wa San Bernardino, jimbo la California nchini Marekani, wanawake watano walimwendea mmisionari Mwingereza aliyetoka China, wakamwomba awafundishe Waraka wa Paulo kwa Wakolosai. Ombi lenyewe lilikuwa dogo, na aliyeombwa hakulifurahia. Alikuwa ametoka katika nchi yenye mamilioni ya watu wasiowahi kuishika Biblia mkononi. Hawa watano walikuwa na makanisa ya kuchagua na wahubiri wa kuwasikiliza kila Jumapili. Alikubali, lakini hakutaka kuwatafunia. Aliwapa maswali, akawataka wajibu kwa maandishi, kila mmoja nyumbani kwake, kabla hawajakutana tena.

Kutoka katika mazoea hayo ndiko ilikozaliwa Bible Study Fellowship, inayofahamika zaidi kwa kifupi cha BSF. Leo, miaka 70 na ushei baadaye, madarasa yake yamefika nchi zaidi ya 100, mengi yakikutana katika kumbi na majengo ya makanisa ya madhehebu mbalimbali. Viongozi wamebadilika, makao makuu yamehama, lakini mwanafunzi bado hutangulia kujibu kabla ya kuelezwa.

Mwalimu aliyetoka China

Mmisionari huyo, Audrey Wetherell Johnson, alizaliwa mwaka 1907 mjini Leicester, Uingereza, katika familia ya Kikristo. Alipokuwa msichana akisoma Ufaransa, imani ya nyumbani ilimtoka. Alirudi Uingereza akiwa mtu wa mashaka, na baada ya kuhangaika nayo kwa muda akamwamini Kristo, safari hii kwa uamuzi wake mwenyewe. Huenda ndiyo maana hakuwahi kuyaogopa maswali ya wanafunzi wake.

Mwaka 1936 alikwenda China chini ya China Inland Mission, shirika lililoanzishwa na Hudson Taylor mwaka 1865. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani waliwakusanya raia wa nchi walizopigana nazo, naye akafungiwa katika kambi ya Lunghwa, nje kidogo ya Shanghai, hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Alipoachiliwa aliendelea kufundisha katika chuo cha Biblia mjini Shanghai. Wakomunisti walishika dola mwaka 1949, na mwaka uliofuata akaondoka.

Katika miaka michache wamisionari wa kigeni wakawa wametoka China, na Wakristo waliobaki wakajikuta hawana ila wao kwa wao na Maandiko yao. Aliyeyaona hayo kwa macho yake angewezaje kufundisha kana kwamba mwalimu atakuwapo siku zote? Wanawake wa San Bernardino hawakuwa na hatari ya kunyang'anywa walimu. Hata hivyo aliwafundisha kama watu ambao ipo siku watalazimika kusoma bila yeye.

Hatua nne

Utaratibu uliotokana na darasa lile dogo una hatua nne, na mpangilio wake haubadilishwi.

Ya kwanza ni maswali. Mwanafunzi hupewa maswali ya kujibu nyumbani, yaliyogawanywa katika siku 6. Siku ya kwanza hupitia somo la wiki iliyopita, zinazofuata hushughulikia kifungu kipya. Maswali yenyewe hupanda ngazi kwa ngazi: kifungu kinasema nini, kina maana gani, na kinanitaka mimi nifanye nini. Katika hatua hii mwanafunzi huhimizwa aviweke kando vitabu vya ufafanuzi na kushindana na kifungu chenyewe.

Ya pili ni kikundi. Hapa kila mtu husoma alichoandika. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kwamba asiyeandika jibu hukaa kimya na kusikiliza wenzake. Kiongozi wa kikundi hahubiri, wala hatoi jibu sahihi mwishoni mwa kila swali. Kazi yake ni kuuliza, kugawa nafasi ya kusema na kulinda muda. Majina ya madhehebu hayatajwi. Mlutheri, Mbaptisti na Mpentekoste huketi pamoja, na kila mmoja hulazimika kuonyesha katika mistari iliyo mbele yao alikolitoa jibu lake. Hawezi kusema tu kwamba kwao ndivyo wanavyofundishwa.

Ya tatu ni mhadhara. Vikundi vyote hukusanyika mahali pamoja, na kiongozi wa darasa hukifundisha kifungu kilekile. Ya nne ni kitini kilichochapishwa chenye maelezo ya kifungu hicho, ambacho mwanafunzi huondoka nacho mwisho wa kipindi, naye hukisoma akiwa tayari ameshajibu, amejadili na amesikiliza.

Madarasa mengi ya kanisa huanza na mwalimu kueleza, kisha huulizwa kama kuna mwenye swali, na kwa kawaida hakuna. Bi Johnson aliugeuza utaratibu huo. Mhadhara wake uliwakuta watu ambao wiki nzima walikuwa wakikihangaikia kifungu, hivyo kila mmoja alikuwa na jambo alilotaka kulijua.

Kutoka darasa hadi taasisi

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 kazi hii ilikuwa imehamia pia eneo la ghuba ya San Francisco. Mwaka 1958 Billy Graham alifanya huko mkutano mkubwa wa Injili uliodumu wiki kadhaa, na watu wengi waliojitokeza kuamini walihitaji mahali pa kukua. Madarasa ya Bi Johnson yakawa miongoni mwa yaliyowapokea. Makao yakawekwa Oakland. Alverda Hertzler, mwenzake aliyekuwa na uzoefu wa uongozi wa shule, ndiye aliyesaidia kuyageuza madarasa kuwa taasisi yenye kanuni, mafunzo ya viongozi na hesabu zinazoeleweka.

Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wanawake waliokutana mchana. Yalifuata madarasa ya jioni na madarasa ya wanaume. Akina mama wengi walikuja na watoto, kwa hiyo ukaandaliwa mpango wa watoto nao, na haukuwa wa kuwalea tu ili wazazi wamalize kipindi. Watoto walifundishwa kifungu kilekile walichosoma wakubwa, kwa kiwango chao.

Masomo yalikatwa kwa msimu wa takriban wiki 30, kuanzia Septemba hadi Mei, kila msimu kitabu kimoja au sehemu kubwa ya Biblia: Mwanzo, Isaya, Mathayo, Yohana, Matendo, Warumi. Hakuna ada. Gharama hubebwa na sadaka za hiari, na viongozi wa madarasa na vikundi hujitolea, nao hukutana kila wiki kujiandaa kabla ya kukutana na wanafunzi wao.

Jensen, na uzi wa Tanzania

Mwaka 1980 Bi Johnson alimkabidhi uongozi Rosemary Jensen, na katika kipindi hicho makao makuu yakahamia San Antonio, jimbo la Texas. Mwanzilishi alifariki mwaka 1984, miaka miwili baada ya kuchapisha kumbukumbu za maisha yake.

Jensen hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Yeye na mumewe Robert walikuwa wamisionari wa Kilutheri nchini Tanzania kabla hajaingia katika uongozi wa BSF. Aliiongoza taasisi kwa miaka 20, hadi mwaka 2000, na ndicho kipindi ilichovuka mipaka ya Marekani kwa kasi. Mwaka 1985, akiwa bado kiongozi, alianzisha pia Rafiki Foundation, ambayo baadaye ilijenga vijiji vya malezi na elimu ya watoto katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Madarasa ya BSF yenyewe nayo yalifika Afrika Mashariki, Nairobi ikiwa miongoni mwa miji iliyoyapokea. Janga la UVIKO-19 lilipofunga milango ya makanisa mwaka 2020, vikundi vilihamia mtandaoni, na utaratibu uleule ukaenda navyo.

Yaliyodumu na yanayohojiwa

Historia ya heshima haifichi manung'uniko. Wapo wanaoona kanuni za BSF kuwa kali mno: mahudhurio huandikwa, muda huhesabiwa kwa dakika. Kwa miaka mingi wanaume na wanawake walisoma mbalimbali. Madarasa ya mchanganyiko ni ya karibuni. Kutotaja madhehebu huleta amani, lakini pia huyaacha bila kuguswa mambo kama ubatizo na karama za Roho, ambayo Wakristo hawakubaliani. Tena kitini kinachokuja mwisho kina msimamo wake, ule wa kiinjili na wa kihafidhina, kwa hiyo mazungumzo huwa huru ila neno la mwisho hubaki upande mmoja.

Hoja hizo zina uzito. Lakini taasisi iliyodai kazi ya nyumbani kila siku, isiyotoa cheti wala digrii, ingetarajiwa kukimbiwa. Iliongezeka. Inaelekea waumini wengi walikuwa wamechoka kuchukuliwa kama watu wasioweza kufikiri juu ya Maandiko.

Kwa usharika unaotaka kuanzisha somo la kina, historia hii haidai majengo wala wafadhili. Karatasi ya maswali inatosha kuanza. Kigumu ni kumpata kiongozi anayelijua jibu na akaweza kulizuia kinywani hadi wenzake watakapokuwa wamelitafuta. Kiongozi wa namna hiyo huandaliwa, na BSF imeyatengea maandalizi hayo muda wa kila wiki tangu ilipokuwa changa.