Redio na simu Rubaya

Nchini Kongo, serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianzisha Radio Congo Belge mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baada ya uhuru dola iliendelea kushikilia matangazo. Mlango ulifunguka Rais Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, Aprili 1990. Miaka mitatu baadaye Radio Maendeleo ikazaliwa Bukavu, Kivu Kusini. Mwaka 1999 waasi wa RCD waliokuwa wakitawala mashariki mwa nchi wakaifunga. Kwa hiyo Radio Okapi ilipoanza Februari 2002, chini ya Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, ilikuta watu wenye kiu ya habari zisizo za upande wowote, na ikawapa kwa lugha tano, Kiswahili kikiwamo.

Kisha ikaja simu. Ndani yake mna tantali, madini yatokanayo na koltani, na Rubaya, mji wa wachimbaji wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, ni miongoni mwa machimbo yake makubwa duniani. Simu ilichukua muziki kwanza: nyimbo zikahamia kwenye kadi ya kumbukumbu, na msikilizaji hakuhitaji tena kumsubiri mtangazaji.

Mbona basi redio haikufa? Wengine hutaja umaskini: kifurushi cha intaneti hununuliwa, redio husikika bure. Ni kweli, lakini haitoshi, kwani hata mwenye kifurushi huihitaji redio. Naona vita vinaeleza zaidi. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, na katika hali kama hiyo mtu hutaka kujua barabara ipi inapitika na jirani zake wamekimbilia wapi. Uvumi wa simu hauna wa kuujibia. Mtangazaji ana jina, na jina hilo lina gharama. Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008.

Norway ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017, baada ya kujenga kwanza mtandao wa redio ya kidijitali. Masisi hakuna mbadala kama huo. Mawimbi ya FM huzuiwa na milima, hivyo kila bonde huhitaji mtambo, umeme na fundi. MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa unaoibeba Radio Okapi, iliondoka Kivu Kusini Juni 2024. Siku itakapoondoka Kivu Kaskazini, lazima apatikane mwingine wa kulipia mitambo hiyo.